Siku Mama Mkwe Alipomwagiwa Maji

Jumatatu, Novemba 2. Kibondo, mvua.

Imeanza kunyesha tukiwa tunashusha mizigo na mpaka sasa haijakata. Bati linapiga kelele kiasi kwamba nikimwita mwanangu Glory aliyeko sebuleni hanisikii. Baba yake, Elias, yuko jikoni anachemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Tangu tumerudi hajasema mengi, na mimi namwacha.

Shajara, nina mambo ya siku mbili na sijui nianzie wapi.

Naanza na maji.

Siku hizi, kuanzia Dar mpaka huku Kigoma, ukizaliwa siku fulani lazima siku hiyo ulowe. Watu wanajificha nyuma ya mlango na ndoo, unatokea, unamwagiwa, wanapiga picha. Chuoni kwetu walikuwa wanaongeza na unga, unakaa siku nzima unajikwangua kichwani. Ndiyo besidei yenyewe. Usipomwagiwa unaweza hata kuona hupendwi.

Sasa wifi yangu Devota, anayeishi Dar, aliamua kwamba mama yao naye amwagiwe. Alituandikia kwenye grupu la familia: Mama anatimiza sabini, hajawahi kufanyiwa besidei hata moja, mwaka huu tunamshtukiza. Sote tukaweka vidole gumba. Mimi pia.

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Yustina. Anakaa nje kidogo ya mji wa Kasulu, peke yake tangu baba mkwe afariki, na bado analima. Si msemaji. Ukimuuliza alizaliwa lini anakujibu, "Mimi sina siku." Kilichotufanya tujue tarehe ni kwamba marehemu baba yake alikuwa akisema Yustina ni wa Watakatifu Wote, yaani Novemba mosi. Alikuwa anasema hivyo tu, halafu ananyamaza.

Na kila mwaka, siku hiyo, Mama anakwenda misa, anarudi, anafunga mlango wa chumba chake na hali chochote mpaka kesho yake. Elias na wenzake wamekua wakijua kwamba Mama anafunga. Kufunga siku ya sikukuu! Hakuna aliyejiuliza. Mimi mwenyewe nina miaka tisa kwenye ukoo huu na sikujiuliza.

Wiki iliyopita kazini stori ilikuwa hiyohiyo. Mimi ni mkunga, na saa ya chai wodi ya wazazi ikitulia huwa tunakaa barazani. Niliwaambia wenzangu mipango ya Devota, basi kila mmoja akatoa ya kwao. Halima wa maabara, ambaye ni Mpemba aliyeolewa na mfanyabiashara wa hapa mjini, alisema kwao sherehe ni siku ya saba: mtoto ananyolewa, mbuzi anachinjwa, watu wanakula. "Baada ya hapo mwaka ukipita unamshukuru Mungu, unaendelea na kazi zako. Mume wangu ukimletea keki atakuuliza imekosea nyumba?"

Mama Espe, Mrundi anayetutafsiria wagonjwa wanaotoka kambi ya wakimbizi, alicheka. "Mimi ni wa Januari mosi. Kambi nzima ni ya Januari mosi! Tulipofika wakatuuliza tarehe, nani alikuwa anaijua? Lakini kwetu mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, watoto wa majirani wote wanaitwa wanalishwa pamoja kwenye ungo mmoja. Hiyo ndiyo fete, sherehe yenyewe."

Kisha Mina akasema. Mina ni mkunga wa kujitolea kutoka Korea, Kiswahili chake kinatembea taratibu lakini kinafika. Alisema kwao siku ya kuzaliwa lazima unywe supu ya mwani.

"Mwani?" Halima akaruka. "Huu tunaoanika ufukweni? Kwetu tunaulima, tunauuza, hatujawahi kuutia mdomoni!"

"Ndiyo huo," Mina akajibu. "Mama akishajifungua, anapewa supu hiyo. Siku nyingi, kila siku. Kwa hiyo siku yangu na mimi nakunywa. Nakumbuka mama alivyoumia. Siku ile si yangu peke yangu. Ni yake kwanza."

Tulimkubalia, tukamaliza chai, tukarudi wodini. Sikulifikiria tena.

Jumamosi tukakodi gari, Noah, mpaka Kasulu. Devota alikuwa ameshafika na basi, amebeba puto, spika, gauni jipya la Mama, na keki ambayo alikuwa ameipakata kutoka Kigoma mjini kama mtoto mgonjwa. Tulilala kwa jirani ili Mama asituone.

Jana alipokwenda misa, tukaingia. Ua ukafagiliwa, viti vikapangwa, puto zikafungwa kwenye migomba. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisani waliotoka misa ya kwanza wakaketi wakisubiri. Wajukuu na watoto wa majirani wakajazwa nyuma ya jiko na mabeseni. Glory wangu alikuwa na kikombe cha plastiki, anatetemeka kwa hamu.

Mama akatokea njiani anatembea polepole, mwavuli kwapani, kitenge cha kanisani, kilemba. Alipofika mlangoni wakamwagia.

Beseni la kwanza lilimpata kifuani. La pili kichwani. Watoto wakapiga kelele, Devota akawasha muziki, sote tukacheka. Na mimi nilicheka, sikufichi.

Yeye alisimama tu. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye kilemba yakipita machoni na hakuyafuta. Akatazama puto, akatazama meza ya keki, mwishowe akamtazama binti yake.

"Mnashangilia nini?"

"Wewe, Mama!" Devota bado alikuwa anacheka. "Umetimiza sabini! Leo ni siku yako!"

"Leo?"

"Leo, Mama."

Akasema neno moja la Kiha ambalo sikulishika, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Tulisikia komeo.

Muziki ukaendelea kwa muda mpaka mtu mmoja akakumbuka kuuzima. Elias akagonga. "Mama, ni mimi. Mama." Devota alikuwa amesimama na kisu cha keki mkononi, rangi ya mdomo imemwenda upande, anauliza, "Nimekosa nini? Elias, nimemkosea nini Mama?" Mmoja wa wanawake wa jumuiya akasema taratibu, "Mwacheni. Siku hii huwa hataki watu."

Mimi nilikuwa nafikiria tu kwamba bibi wa miaka sabini amekaa na nguo mbichi. Nikachukua khanga mbili, nikagonga.

"Mama, nimekuletea nguo kavu. Utaugua kifua."

Komeo likavutwa.

"Ingia wewe peke yako," alisema.

Nilimvua kilemba, nikamfuta nywele, nikamfunga khanga. Aliniachia nifanye kama mtoto anavyoogeshwa. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nilikuwa nakamua kile kilemba dirishani aliposema, bila kunitazama:

"Mama Glory, wewe unazalisha watu."

"Ndiyo, Mama."

"Umewahi kuona mwanamke anakufa kwa kuzaa?"

Nikaacha kukamua. "Nimeona."

"Mimi nilimuua mama yangu. Siku kama ya leo."

Kisha akanieleza, maneno machache machache, mengine kwa Kiha, nikawa namuuliza anarudia. Alizaliwa kijiji cha Busunzu, nyumbani kwa baba yake. Mama yake hakuona jua la kesho yake. Baba yake hakuoa kwa miaka mingi, na kila Novemba mosi alikuwa anakaa ndani hasemi na mtu. Jina la mama yake lilikuwa halitamkwi nyumbani. Alilelewa na shangazi yake, mtu mzuri tu siku za kawaida, lakini akikasirika, Yustina akivunja chungu au akichelewa kisimani, alikuwa anamwita "uliyemla mama yako."

Uliyemla mama yako. Mtoto wa miaka mitano, sita, anaambiwa hivyo.

"Nikawaza, watu wengine siku yao wanashukuru. Mimi nishukuru nini?"

Nikakaa kitandani karibu naye. Kama mkwe sikujua nimwambie nini kwa jambo kama hilo. Ila kama mkunga nilijua.

"Mama, walikuambia alitoka damu?"

"Wanasema majani yote aliyolalia yaliloa."

"Na kondo la nyuma lilitoka?"

"Lilikataa."

"Basi nisikilize." Nikakunja ngumi mbele yake. "Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikunje hivi. Ukijikunja, damu inafunga. Kondo likibaki ndani, ngumi haikunjiki, damu inamwagika. Ni hivyo tu. Leo tuna sindano, tuna mikono iliyofundishwa kulitoa kondo, tuna damu ya kumwongezea, na bado mara nyingine tunashindwa. Wakati ule walikuwa na nini? Na mtoto, Mama, wakati hayo yote yanatokea, mtoto yuko pembeni amefunikwa nguo, analia. Kazi yake imekwisha. Hana alichofanya. Hajui hata kama amefika duniani."

Akaitazama ngumi yangu.

"Unasema hivyo ili ninyamaze."

"Siwezi kukudanganya kuhusu kazi yangu. Nikidanganya hapo, wale wanawake nitawatazamaje?"

Nilishamwona Mama Yustina akilia mara moja, tulipomzika baba mkwe. Alilia kama watu wazima wanavyolia msibani. Jana alilia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua anayo, amejikunja ubavuni mwangu, na mimi nikamshika mgongo.

Nje nilijua wote wanasikia.

Alipotulia, sijui kwa nini, nikamsimulia habari ya Mina na supu yake. Labda nilitaka tu kuzungumza kitu kingine.

"Mwani ndiyo nini?"

"Majani ya baharini, Mama."

"Watu wanakula majani ya baharini!" Akafuta pua kwa ncha ya khanga. Nikafikiri hapo tumemaliza. Kisha akasema, "Mama yangu hakula."

"Hakula nini?"

"Uji. Bibi alikuwa ameshaupika, uji wa mtama, ndio wanaompa mzazi. Shangazi alinisimulia siku moja tu, tena siku ya harusi yangu. Anasema uji uliganda kwenye chungu. Hakuna aliyeugusa. Wakaumwaga."

Akainuka, akakaza khanga.

"Unga wa mtama uko kwenye ndoo ile ya kijani. Mwite Devota."

Hivyo ndivyo sherehe ya besidei ilivyohamia jikoni. Devota aliingia na gauni lake la kung'aa na kucha zake, Mama akampa mwiko, na huku uji unachemka akamwambia yote aliyoniambia mimi. Devota aliketi palepale chini kwenye majivu. "Mama, ningejua," alikuwa anasema. "Mama, ningejua nisingefanya hivi."

"Ungejua wapi? Nilikuambia?" Mama akamjibu. "Koroga, unashika chini."

Nilipochungulia nje, hakuna mgeni hata mmoja aliyeondoka.

Mama alitoka na kikombe cha kwanza mwenyewe. Alikuwa bado na khanga zangu, kichwa wazi, mvi zote nje. Sijawahi kumwona hivyo mbele za watu. Akasimama katikati ya ua. Nilidhani atasema maneno mengi. Alisema haya:

"Mama yangu aliitwa Nyanzira. Alinizaa siku kama leo. Uji wake hakuupata. Nauonja kwa ajili yake, na ninyi mnywe."

Akanywa.

Nilikuwa namtazama mume wangu. Elias ni mwalimu, ana mvi kwenye ndevu, na hapo ndipo aliposikia jina la bibi yake kwa mara ya kwanza maishani. Midomo yake ilicheza. Alikuwa analirudia kimyakimya kama mwanafunzi.

Tukawagawia watu uji. Ulikuwa wa moto sana na haukuwa na sukari, kwa sababu Mama alikataza isitiwe. Wanawake wa jumuiya waliunywa wameinamisha vichwa. Mmoja wao, mzee kuliko Mama, alisema kwamba yeye mtoto wake wa kwanza alimzaa akamzika siku hiyohiyo na tangu hapo hajaulizwa alikuwa nani. Basi akaulizwa. Akasema jina lake.

Baadaye Mama akaiona keki. "Na hii mnaiacha iyeyuke?"

Devota akawasha mishumaa. "Sasa unapuliza, Mama."

"Nizime?"

"Ndiyo desturi."

"Desturi ya nani?"

"Ya... sijui, Mama. Ya Wazungu."

"Haya, waje watoto wazime," akasema, na watoto wakaizima kwa mate mengi kuliko pumzi. Hapo ndipo watu walipocheka tena. Alikula kipande kimoja. Akasema ni tamu mno. Akaomba kingine.

Sasa ya leo.

Asubuhi tulipokuwa tunapakia gari, Mama alitoka amevaa viatu vyake vya safari. Leo ni siku ya Marehemu Wote. "Mnanishusha Busunzu," alisema. Iko njiani kuja Kibondo. Kila alipokuja kututembelea alikuwa anaipita kwenye basi. Elias akamuuliza kama amewahi kushuka pale tangu aolewe. Akatikisa kichwa.

Tulimkuta mtoto wa binamu yake, mwanamume wa makamo, anapalilia maharage. Alimtambua Mama kwa sura tu. Alisema Mama anafanana na shangazi yake mmoja. Kaburi la Nyanzira halina alama yoyote. Akatupeleka mwisho wa shamba, akaonyesha kipande cha nyasi katikati ya migomba na mpaka wa jirani.

"Wazee walisema ni hapa. Mimi sijui ni la nani hasa. Lakini baba alitukataza kupalima, basi hatupalimi."

Watu waliomnyima jina lake walimwachia ardhi yake. Sijui niwaweke wapi hao wazee. Kutwa nzima nimekuwa nikiwakasirikia, halafu nakumbuka zile nyasi.

Mama akavua viatu. Akaingia kwenye nyasi zenye umande, akasimama, akatazama chini.

"Mwakeye, mama," alisema. Ni salamu ya asubuhi ya Kiha, ileile anayotupa sisi kila siku.

Kisha akaanza kututambulisha. Huyu ni Elias, ni mwalimu. Devota anaishi Dar, amewahi basi asubuhi, jana amelia sana. Wawili wengine wako Mwanza. Baba yao alikuwa mtu mpole, labda mmeshaonana. Aliponifikia mimi akanishika mkono, akanivuta mbele. "Huyu ni mke wa Elias. Ni Mchaga. Anazalisha watu."

Glory akanong'ona, "Bibi anaongea na nani?"

"Na mama yake," Elias akajibu.

Hatukuondoka naye. Alisema tumwache kwa ndugu zake mpaka katikati ya wiki, wana mengi. Tulipogeuza gari alikuwa ameketi kwenye kigoda anasimuliwa jambo, mkono mdomoni.

Njia nzima nimewaza watoto wangu. Sisemi Glory. Nasema wale niliowafunika nguo nikawaweka pembeni huku tunapambana na damu ya mama zao, tukashindwa. Si wengi, lakini nawakumbuka wote. Nilikuwa nawapima uzito, nawafundisha bibi zao kuchanganya maziwa, nawaaga. Nilidhani kazi imeishia hapo. Leo hii kuna mmoja labda yuko kijijini Kitahana au Kasanda, amevunja kikombe, anaitwa jina lile.

Kuanzia kesho, anayekuja kumchukua mtoto wa namna hiyo, awe bibi, shangazi au baba, hatatoka wodini kabla sijamkalisha na kumkunjia ngumi yangu nikamweleza. Nitamwambia aje na mwingine wa nyumbani asikie. Mama wa mtoto ana jina, litajwe. Nitamwomba Mama Espe anifundishe kuyasema vizuri kwa Kirundi, na Mama Yustina kwa Kiha.

Chai ya Elias imefika mezani. Ameweka na mkate. Ameketi karibu yangu, ameegemea bega langu.

Kabla sijaanza kuandika nilimpigia mama yangu aliyeko Rombo. Mvua ilikuwa inakatakata simu, nikawa napiga kelele.

"Mama, uliponizaa ulikula nini?"

"Una mimba?"

"Hapana! Nauliza tu. Ulikula nini?"

Nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha zamani.

"Mtori wa ndizi. Bibi yako alikuwa amesafiri, akapika baba yako, na hakuwahi kushika mwiko. Aliuunguza mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Niliula wote, mwanangu. Nikamwomba apike mwingine."